Eneo la Usalama Liko Wapi? Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Uswidi

Uppsala, Januari 2026

Kwa Mheshimiwa Gunnar Strömmer,
Waziri wa Sheria, Stockholm.
Nakala: Wabunge wa Kamati ya Sheria, Bunge la Uswidi.

Mheshimiwa Waziri,

Nchini kwako watu waliacha kuitana kwa vyeo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata waziri mkuu ni "wewe" tu, na mtoto wa chekechea akimwita hivyo hakuna anayemfinya. Mimi nimezaliwa Ujiji, nimeishi huku miaka 26, na mdomo wangu bado unakataa. Basi Mheshimiwa nimekwisha kuitoa, heshima yako umeipata. Huko mbele uniruhusu nikuite Wakili, kwa sababu barua hii inamtafuta zaidi yule wakili uliyekuwa kabla ya kupewa wizara.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kiswidi, mwaka wa 21 sasa. Nakaa kiti cha pembeni, baina ya ofisa na mtu aliyekuja kumwona ofisa, na ustadi wa kazi yenyewe ni kufanya watu wasahau kuwa nipo. Mtu akisema "naumwa", nami nasema "naumwa". Akisema "sikubali", nami "sikubali". Nimekubali na kukataa mambo chungu nzima katika nchi hii, wala hayakuwa yangu. Niliyoyasikia vyumba vya faragha yatabaki hukohuko. Nitakayosimulia hapa ni ya kikao cha hadhara, mlango wazi na kahawa mezani, na mengine ni ya nyumbani kwangu.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Miaka yote hii maneno yanatoka kwenu kuja kwetu. Mara hii na yatoke huku yaje huko. Wakalimani wapo, nawafahamu, na malipo yao kwa saa si makubwa, nakuhakikishia.

Kikao chenyewe kilifanyika ukumbi wa maktaba, jioni ya Novemba, giza limeshatanda tangu saa tisa na nusu alasiri. Wazazi kama arobaini hivi, makoti yamerundikwa juu ya viti vya nyuma, chupa za kahawa, mikate ya mdalasini iliyokatwa nusu ili itoshe. Ofisa wa polisi aliyekuja kuzungumza alikuwa mtu mpole, anaongea taratibu, tena alikuwa amekumbuka kuniuliza kama kasi yake inanifaa, jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Akaeleza habari za magenge, akaeleza jinsi watoto wanavyotafutwa kwenye simu, kisha akafika kwenye neno *säkerhetszon*. Nikatafsiri papo hapo: eneo la usalama.

Mama mmoja wa kutoka Fizi, Kongo ya Mashariki, akainua mkono. Ni mama mtu mzima, aliyefika huku kwa mpango wa Umoja wa Mataifa baada ya kukaa kambini miaka mingi. Akauliza: "Hiyo eneo ya usalama iko wapi? Tunaweza kuhamia kule na watoto?"

Nikalipeleka swali kwa ofisa kama lilivyo. Ukumbi ukanyamaza. Ofisa akanitazama, akidhani nimekosea. Sikukosea hata silabi moja, Wakili. *Säkerhet* ni usalama. *Zon* ni eneo. Lakini kwa mtu wa Fizi, eneo la usalama ni pale ambapo Umoja wa Mataifa umeweka maturubai na matangi ya maji, mahali unapokimbilia ukiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Alichokuwa anaeleza ofisa ni mahali ambapo polisi wanaweza kumsimamisha mtu, kumpekua mwilini na kupekua gari lake, bila kumshuku kwa kosa lolote mahususi. Nikaomba ruhusa ya kufafanua, kama kanuni zetu zinavyotaka, nikasema ni eneo la kupekuliwa. Mama akasema, "Aaa." Akarudisha mkono wake mapajani. Hakuuliza tena.

Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba sheria hii ilikuwa na jina jingine. Kwenye makubaliano ya Tidö, Oktoba 2022, vyama vinne vilipoafikiana kuiweka serikali yenu madarakani, mliandika *visitationszoner*, maeneo ya upekuzi, mkifuata mfano wa Denmaki. Lilikuwa jina la kweli. Baina ya ngome ya Tidö na ukumbi wa Bunge, upekuzi ukabadilika kuwa usalama, na tarehe 25 Aprili 2024 sheria ikaanza kutumika na jina lake jipya. Laiti mngeliacha lile la kwanza, mimi nisingepata aibu mbele ya yule mama.

Hilo ni dogo, la mkalimani kulalamikia maneno. Kubwa lililonikalisha kuandika ni kwamba nakufahamu tangu zamani kuliko unavyodhani. Hatujawahi kuonana. Nakufahamu kwa kesi zako.

Ya kwanza ilinikasirisha. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Uppsala, hapa hapa kwetu, kilitenga nafasi 30 kati ya 300 za kusomea sheria kwa vijana ambao wazazi wao wote wawili walizaliwa nje ya Uswidi. Binti wawili wa Kiswidi waliokuwa na alama nzuri wakakosa nafasi. Ulikuwa mwaka mmoja tu umeanzisha Centrum för rättvisa, kituo cha haki kisicho cha serikali, cha kuwatetea watu binafsi dhidi ya dola, na kituo chako kikaibeba kesi yao. Ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2006 mkashinda. Binti wale wakapata fidia na utaratibu ule ukafa.

Nakumbuka nilivyoipokea habari ile. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa nakaanga maandazi, redio iko juu ya kabati, na nikaisema redio kwa Kiswahili maneno ambayo sitayarudia hapa. Niliona umeufunga mlango ambao siku moja binti yangu angepitia. Jioni mume wangu akaniuliza swali moja tu: "Ungependa aingie chuo kwa alama zake, au kwa kuwa sisi tumezaliwa Kigoma?" Nikamnunia siku mbili. Siku ya tatu nikakubali, nusu nusu. Hoja yako ilikuwa ngumu lakini ilikuwa safi: dola isimpime mtu kwa mahali walikozaliwa wazazi wake. Imtazame mtu mmoja mmoja, na kila mmoja asimame kwa yake.

Naomba uishike hoja hiyo mkononi, nitairudia.

Kesi ya pili ilinigeuza nikawa upande wako. Tarehe 18 Juni 2008 Bunge lilipitisha, kwa kura 143 dhidi ya 138, sheria ya kuiruhusu FRA, taasisi ya ujasusi wa mawasiliano, kunasa mawasiliano yanayopita kwenye nyaya zinazovuka mpaka wa Uswidi. Waziri mkuu alikuwa Fredrik Reinfeldt, wa chama chako mwenyewe. Wengi wa umri wako wenye ndoto za siasa wangekaa kimya. Ninyi, hata mwezi mmoja haujatimia tangu kura ile, mliipeleka Uswidi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Unajua mawasiliano yanayovuka mpaka ni yapi? Kwa Mswidi wa Uppsala pengine ni barua pepe ya kazi. Kwangu mimi ilikuwa kila Jumapili. Enzi zile tulikuwa tunanunua kadi za kukwangua kwenye kioski cha mtu wa Irani karibu na stesheni, kroni 50, tarakimu kumi na mbili au zaidi, ukikosea moja unaanza upya. Halafu mlio wa mbali, halafu sauti ya mama yangu Ujiji: "Haloo, mwanangu, mvua huku haijanyesha." Dakika ishirini za mvua, mahindi, nani kafa, nani kaolewa. Kila neno la mama yangu lilivuka mpaka wa Uswidi. Sijui nani angetaka kujua habari za mahindi ya Ujiji, lakini sheria ilisema yanaweza kunaswa, na wewe, wakili niliyemtukana jikoni miaka miwili nyuma, ndiye uliyesimama kusema hapana, hilo liwekewe mipaka.

Ikachukua miaka 13. Juni 2018 jopo la kwanza likasema Uswidi haijakosea. Hamkukata tamaa, mkaomba Jopo Kuu, na tarehe 25 Mei 2021 majaji 15 dhidi ya 2 wakasema imekosea. Siku hiyo wewe ulikuwa umeshaondoka kituoni, ni katibu mkuu wa chama chako, Moderaterna, tangu 2017, lakini mbegu ilikuwa yako. Niliisoma hukumu ile, nikiruka kurasa nisizozielewa. Majaji hawakusema dola isisikilize kabisa. Walikubali kwamba nchi ina maadui na inahitaji masikio. Walichokitaka ni ulinzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na walikuta matundu matatu. Moja lilihusu kufuta mambo yaliyonaswa. La pili lilihusu kuzipa nchi nyingine taarifa bila kupima madhara kwa faragha ya mtu. La tatu ndilo lililonigusa: mwananchi akilalamika kwamba huenda amesikilizwa, chombo kinachomkagulia hakimpi jibu lenye sababu. Anaambiwa tumeangalia. Basi.

Jibu lenye sababu. Mkalimani anaijua thamani yake. Nimetafsiri barua nyingi za kukataliwa maishani, na naweza kukuambia bila kuvunja siri ya mtu yeyote kwamba barua ndefu ya kukataliwa yenye sababu humuumiza mtu akaenda nyumbani, akalia, akalala. Barua ya mistari miwili isiyo na sababu haimwachi alale.

Basi tarehe 18 Oktoba 2022, jina lako liliposomwa kuwa Waziri wa Sheria, nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, sasa kaingia mtu anayejua kiti cha upande wa pili kinavyouma.

Usije ukadhani mimi ni wa wale wanaosema magenge ni hadithi za magazeti. Mwaka ulioingia wizarani, polisi walihesabu matukio 391 ya risasi na watu 62 wakafa kwa risasi hizo, katika nchi ya watu milioni kumi na nusu. Mwishoni mwa Septemba 2023 bomu lililotegwa Storvreta, hapa kaskazini ya mji wetu, lilimuua binti aliyekuwa ndio kwanza amehitimu ualimu. Waliolengwa walikuwa wengine. Tarehe 29 Aprili 2025, mji unajiandaa kwa sherehe za Valborg, vijana watatu wakapigwa risasi wakafa ndani ya saluni karibu na uwanja wa Vaksala. Mimi hupita pale kwa basi. Maua yalikaa wiki kadhaa, yakanyauka, watu wakaleta mengine. Na watoto kweli wanatafutwa kwenye simu kama vibarua wa bandarini: kazi hii, malipo haya, nauli juu yetu. Wana umri wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Dola isiyofanya kitu mbele ya hayo haina kazi.

Nawe umefanya. Tangu Oktoba 2023 polisi wanaweza kusikiliza simu za mtu kwa lengo la kuzuia kosa, hata kabla hajashukiwa kwa kosa fulani. Najua wazo hilo lilianza kuchunguzwa kabla hujaingia, lakini wewe ndiye uliyelipeleka bungeni. Aprili 2024 yakaja haya maeneo. Januari 2025, mashahidi wasiojulikana majina (juu ya hili ningekuwa na mengi ya kusema kama mkalimani, maana nusu ya ushahidi iko kwenye uso wa anayesema, lakini tuliache). Oktoba 2025, ruhusa ya kusikiliza kwa siri hata simu za watoto walio chini ya miaka 15. Na serikali yako imetangaza mpango wa kushusha umri wa kuhukumiwa kwa makosa makubwa kutoka miaka 15 hadi 13. Chama cha mawakili, chama chako cha zamani, kiliyapinga maeneo ya upekuzi. Mkasonga mbele.

Kwetu kuna methali: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sijawahi kuthubutu kuitafsiri kwa Kiswidi ndani ya kikao, kwa sababu nusu ya ukumbi ingekasirika kwa nguruwe na nusu nyingine kwa mkuki.

Nikuonyeshe jambo moja la nyumbani. Mwanangu wa mwisho ana miaka 16. Mwaka jana alikwenda kumtembelea binamu yake katika mji mwingine, sitautaja, na mtaa wa binamu ulikuwa umetangazwa kuwa eneo. Yeye hakujua. Angejuaje? Alishuka basi, askari wawili wakamsimamisha. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwambia anyooshe mikono, wakampapasa, wakamtolea vitu mifukoni na kuvipanga juu ya benchi la kituo cha basi: kadi ya basi, visikilizio, ufunguo, nusu pakiti ya bazoka, ile ya kutafuna. Wakamuuliza koti kalinunua wapi. Watu waliokuwa wakingoja basi walikuwa wanatazama, na mmoja wao alikuwa bibi aliyesafiri naye kiti cha jirani, waliyekuwa wakizungumza njia nzima kuhusu mbwa wake. Bibi akageuza uso. Askari walipomaliza mwanangu akauliza, kwa adabu, namjua: "Kwa nini mimi?" Akajibiwa: "Uko ndani ya eneo."

Aliponisimulia nilisimama nikatafuta kalamu. Nikamwambia tuandike malalamiko. Akanitazama kwa huruma, kama mtoto anavyomtazama mzazi asiyejua kutumia simu. "Tulalamikie nini, mama? Hawajafanya kosa."

Nikakaa chini. Mtoto alisema kweli, Wakili. Kwa sheria uliyoipeleka bungeni hawakufanya kosa. Na hilo ndilo linalonitesa. Zamani askari akimpekua mtu bure, mtu aliweza kuuliza mlinishuku kwa lipi, na jibu likiwa bovu, palikuwa na pa kuanzia. Sasa swali lenyewe limeondolewa. Jibu limekuwa ramani.

Tangu siku hiyo hutoka jioni baada ya kumwaga mifuko yake kwenye kikapu cha ufunguo pale mlangoni, na risiti ya koti ameipiga picha, imo kwenye simu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hanung'uniki. Ameyazoea, kama sisi tulivyozoea kuvaa kofia Oktoba.

Sasa turudi kwenye hoja yako ya mwaka 2006. Ulisema mtu asipimwe kwa mahali walikozaliwa wazazi wake. Sheria ya maeneo haitaji wazazi, ni kweli. Inataja mtaa. Inasema polisi wenyewe waamue pale panapokuwa na hatari ya risasi au mabomu kutokana na ugomvi wa makundi, kwa wiki mbili, na wanaweza kuongeza. Lakini wewe na mimi tunajua ni nani wanaoishi kwenye mitaa hiyo. Ni wale wale ambao chuo kiliwatengea nafasi 30. Walipotaka kuingia darasani kama kundi, uliwaambia mlango ni wa mtu mmoja mmoja, nami nikamezea. Leo kwenye kituo cha basi wanasimamishwa kama kundi, kwa kuwa wamo ndani ya mstari. Ikiwa hoja ile ilikuwa ya haki kwa binti wawili wa Kiswidi, iwe ya haki pia kwa kijana mwenye nusu pakiti ya bazoka.

Usiniambie mahakama haijasema. Uingereza ilikuwa na sheria ya ugaidi iliyowaruhusu askari kupekua watu bila kuwashuku, na mwaka 2010 Strasbourg ikaiambia kwamba mamlaka hayo ni mapana mno na hayana ulinzi wa kutosha. Yenu ni finyu kuliko ile, nakubali: ina muda, ina mipaka, ina sababu ya kuanzishwa. Ila kama bado ungekuwa kituoni kwako, nina hakika faili lingekuwa limeshafunguliwa.

Sikuombi uifute. Ningeomba ningekuwa najidanganya, na uchaguzi wa Septemba ukiwa mlangoni hakuna chama kikubwa kitakachojitokeza kusema tulegeze. Naomba kitu ambacho wewe mwenyewe ulikidai kwa miaka 13: jibu lenye sababu.

Kila anayepekuliwa ndani ya eneo na apewe karatasi. Papo hapo, mkononi, bila kuomba. Mtoto wa miaka 16 aliyenyoosha mikono mbele ya kituo cha basi hawezi kukumbuka kwamba ana haki ya kuomba kitu. Iandikwe saa ngapi, mtaa gani, namba ya askari, kilichotafutwa na kilichopatikana. Na uwepo mstari mmoja, mmoja tu, wa kwa nini huyu na si yule bibi wa mbwa. Askari akishindwa kuujaza mstari huo, basi atajua kitu kuhusu upekuzi wake ambacho hakukijua. Mkipenda iwe kwa simu, na iwe. Iwe kwa lugha anayoielewa mzazi, nitaitafsiri ile ya Kiswahili bila malipo, uchapishe chini yake kwamba nimejitolea. Mwanangu angerudi na karatasi hiyo ningeibandika kwenye friji, na angalau tungekuwa na cha kubishania.

Halafu hesabu. Muda wa eneo ukiisha, bandikeni palepale mtaani, ukutani kwa maktaba na mlangoni kwa duka, walipekuliwa watu wangapi, wangapi kati yao ni watoto, zimepatikana bunduki ngapi. Wanaolipa gharama ya sheria hii ni wakazi wa mtaa, na wengine wako tayari kuilipa kabisa. Nimewasikia wakina mama wakisema afadhali mwanangu apapaswe kuliko nimzike. Lakini hata dukani mtu akilipa hupewa risiti.

Kuhusu simu zinazosikilizwa kabla ya kosa, na hasa za watoto, nina neno moja. Mwisho wa yote, na liwe jambo la lazima kwamba chombo kisicho cha polisi kinamjibu mzazi anayeuliza, na kumjibu kwa sababu, hata kama sababu zenyewe zitachelewa miaka. Unalijua jambo hili kuliko mtu yeyote serikalini. Ulilifundisha taifa zima, na taifa likashindwa kesi kwa sababu yake.

Najua wizara si kituo cha haki. Wakili anamtetea mtu mmoja aliyekaa mbele yake, waziri ana mamilioni na ana vyama vitatu vya kushauriana navyo kila asubuhi. Sikulaumu kwa kubadilisha kiti. Mimi mwenyewe ndani ya saa moja huwa ofisa na huwa mkimbizi, huwa hakimu na huwa mshitakiwa, na nikitoka nje nanunua maziwa narudi nyumbani. Ila kwenye kazi yangu kuna kanuni moja: yule aliyesema kwanza haondoki kichwani mwako kwa sababu tu sasa anasema mwingine. Ukimsahau, tafsiri inaharibika.

Kikao kingine pale maktaba kimepangwa Machi. Nimeshaitwa. Mama wa Fizi nilikutana naye wiki iliyopita sokoni kwenye foleni ya ndizi za kupika, akaniuliza kama nitakuwepo, nikamwambia nitakuwepo. Ofisa atafika tena kwenye lile neno, na nitakuwa na sekunde mbili za kuchagua nilisemeje. Ukinijibu kabla ya hapo, nitalisoma jibu lako mbele ya wazazi wote kama lilivyo, bila kupunguza na bila kuongeza. Na kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kazi, pale ulipoandika "mimi" nitasema "mimi".

Wako,
Mkalimani, Uppsala